Je, Wajua? Vasco da Gama Alionyeshwa Njia

Juzi, kwenye runinga ya mgahawa mmoja hapa Morogoro Mjini, filamu ilisema Mreno Vasco da Gama “aligundua” njia ya India. Aligundua! Mwaka 1498 mfalme wa Malindi ndiye aliyempa rubani aliyeijua Bahari ya Hindi; wakavuka hadi Calicut, India, kwa siku zisizofika 30. Kwa urafiki huo Malindi ikasalimika. Wengine hawakubahatika: mwaka 1505 Wareno waliipora Kilwa, kisha wakaichoma Mombasa.

Nami hapo mgahawani nilikuwa nakula kisamvu, majani ya muhogo. Muhogo asili yake Amerika. Ulifika Afrika kwa meli za Wareno. Hata “meza” niliyoegemea ni neno lao. “Gereza” je? Limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa.