KELELE ZA CHOO NA DAWA YAKE

Nyumba nyingi za mjini siku hizi zina choo cha kuvuta, na mara nyingine choo hicho hupiga kelele za kutisha usiku. Hapa kwetu Katandala nimepata kumsikia mtu mzima akisema kuwa nyumba yake ina shetani. Lakini mara nyingi chanzo ni maji, au hewa, au kipande cha mpira kilichochakaa. Yafaa tujifunze kuzitambua kelele hizo.

Kwanza ondoa kifuniko cha tangi utazame ndani. Utaona boya. Ukivuta maji, boya hushuka na kufungua valvu. Tangi likijaa, boya hupanda na kuifunga.

Kelele ya kwanza ni mlio mwembamba usiokoma hata tangi likiwa limejaa. Maana yake valvu haifungi sawasawa: mpira umekwisha, au mchanga umeingia. Funga koki ya maji, ufungue valvu, uisafishe au ubadilishe mpira. Usidharau jambo hili. Ikiwa robo lita tu yapotea kila dakika, kwa siku ni lita 360, yaani ndoo 18 za lita 20. Pengine tangi hulia kidogo kila baada ya muda, ingawa hakuna aliyevuta. Hapo tia matone ya wino ndani ya tangi, ungoje nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa chini ndio unaovuja.

Kelele ya pili ni kishindo ukutani, mara maji yanapofungwa. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Maji yaendayo mbio yakizuiwa ghafula, hulipiga bomba kama nyundo. Katika bomba la chuma kishindo hicho husafiri zaidi ya mita 1,000 kwa sekunde. Mtaalamu wa Urusi, Nikolai Zhukovsky, alikichunguza mjini Moscow na kutoa maelezo yake mwaka 1898. Nyumbani kwetu bomba liligonga hivyo kila usiku. Baba na mimi tulilikaza ukutani kwa vishikizo viwili, tukapunguza koki kidogo ili maji yaje polepole. Kelele ikakoma.

Ya tatu ni kukohoa kwa bomba maji yanaporudi baada ya kukatika. Hiyo ni hewa. Fungua bomba polepole, uache hewa itoke yote.

Ya nne ni maji kugugumia bakulini baada ya kuvuta. Hii isichezewe. Huenda bomba la kupitishia hewa limezibwa na majani, au shimo la maji machafu limejaa. Maji yanayobaki bakulini ndiyo yanayozuia hewa chafu ya shimoni isiingie nyumbani. Yakifyonzwa, mlango huo u wazi. Mwite fundi upesi.

Husemwa kuwa maana ya jina Sumbawanga ni “tupa uchawi”. Basi, ndugu zangu, choo kikilia usiku, nasi tuitupe hofu, tuwashe taa, tufungue kifuniko na kutazama.