Kabla Jua Halijapanda

Katilu haina asubuhi ndefu, wajukuu. Ina asubuhi fupi na tamu, na ukijigeuza kitandani mara moja tu imekupita. Jua huchomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta saa hiyo haibadiliki sana mwaka mzima. Ikifika saa nne mchanga umeshika moto, mbuzi wanagombea kivuli, na mtu mzima anayezurura juani ataulizwa kama kuna jambo limemsibu. Kwa hiyo anayetaka kutembea kwa raha tu, bila kutumwa na mtu, ana saa tatu hivi. Leo nitawaambia jinsi ya kuzitumia.

Lakini kwanza, ule ubaridi wa alfajiri hutoka wapi? Mchana kutwa ardhi hupokea joto la jua. Usiku huliachilia lirudi angani, na kwa kuwa anga ya Turkana mara nyingi haina mawingu, hakuna cha kulizuia njiani. Mchanga mkavu nao haujui kuweka akiba. Ndiyo maana saa ya baridi zaidi si usiku wa manane, kama wengi wanavyodhani, bali ni alfajiri yenyewe, ardhi ikiwa imepoteza joto usiku kucha na jua bado halijaanza kulirudisha. Mtu wa Kitale, kule kwenye baridi ya kweli, atawacheka mkiita hiyo baridi. Mwacheni acheke. Saa nane mchana joto likifika digrii 35, yeye ndiye atakayekuwa anaulizia maji.

Basi tokeni. Mkipita penye mti wa mswaki, ule ambao Waturkana huuita esekon, vunjeni kijiti, kitafuneni ncha mpaka kiwe nyuzinyuzi, mtembee huku mkisugua meno. Mkikutana na mtu, msipite kimya kama gari la serikali. Msalimuni: Ejoka? Atawajibu: Ejoka noi. Kisha atawauliza mnatoka wapi, mnaenda wapi, na mmeona nini njiani. Swali la tatu ndilo la maana. Mtu aliyetembea kilomita mbili asiwe na la kusema, hakutembea huyo, alisogea tu.

Cha kuona kiko chini, miguuni penu. Jua la saa moja limeinama, linaipiga ardhi kwa ubavu, na kila kishimo kinapata ukingo wa kivuli. Jaribuni wenyewe. Chomekeni kijiti, kibaki sentimita 10 juu ya mchanga. Dakika arobaini hivi baada ya jua kuchomoza, kivuli chake kitapita nusu mita. Kwenye saa tatu na nusu kijiti na kivuli vitakaribia kulingana urefu. Saa sita na nusu kivuli kimejikunja kwenye shina la kijiti, na unyayo mliousoma vizuri asubuhi hamuuoni tena, ingawa hakuna aliyeufuta. Ndiyo sababu mwenye kutafuta mnyama aliyepotea haanzi kazi adhuhuri.

Sasa someni. Mbuzi huacha alama mbili zilizochongoka mbele; za kondoo ni butu kidogo. Punda ana ukwato mmoja mzima, mwembamba, na hutembea kama aliyepigiwa mstari. Ngamia huacha duara pana, laini, lenye kucha mbili upande wa mbele. Digidigi, yule paa mdogo anayejificha vichakani, kwato zake zote mbili zinaenea kwenye ukucha wa kidole gumba cha mtu mzima. Mkiona unyayo wa mnyama mwenye vidole vinne, tafuteni alama za kucha. Zikiwepo, na mguu wa mbele ukiwa mkubwa kuliko wa nyuma, huyo huenda ni fisi. Zisipokuwepo, ni wa jamii ya chui, anayezificha kucha zake akitembea, na hapo mazungumzo yetu yanaishia, mnarudi nyumbani kumwambia mkubwa.

Na binadamu je? Viatu vya akala hukatwa kwenye tairi kuukuu za magari, na kila tairi ina michoro yake. Kwa hiyo mtu aliyevaa akala huacha mchangani alama ya lori lililotembea kwa hatua mbili mbili. Mtoto mwenye macho anajua akala za baba yake, anajua za jirani, na akiona zisizo za mtu anayemfahamu anajua kuna mgeni aliyepita.

Ufundi wenyewe uko katika kujua nani alitangulia. Wadudu wengi wa mchangani hutembea usiku, na kila mmoja huacha mstari wa vitone vidogo kama mshono wa cherehani. Mkiona mshono huo umekatiza juu ya unyayo wa mbuzi, basi mbuzi alipita kabla ya mdudu, pengine jana jioni. Mkiona ukwato ndio uliokanyaga mshono na kuukata, mbuzi amepita alfajiri hii, na mwenye mbuzi ana matumaini. Alama ya juu ndiyo ya mwisho. Hakuna kitabu kinachohitajika hapo, wala umeme wala intaneti, ila mtu awe amewahi kuamka.

Mkishachoka kuinama, inueni macho mwone migunga, ambayo Waturkana huiita ewoi. Kandokando ya mto Turkwel miti hii ina wenyewe. Familia hurithi kipande cha msitu wa mto kiitwacho ekwar, na maganda ya mbegu yanayoanguka humo, ngitit, ni chakula cha mbuzi wao wakati wa kiangazi. Mgeni haanzi kutikisa matawi kwa sababu tu hakuona ukuta. Lakini mbali na mto, katikati ya uwanda, mnaweza kukuta migunga imesimama pamoja katika duara, yote ya rika moja. Nani aliipanda? Watafiti wawili, Robin Reid na James Ellis, walilifuatilia jambo hili hapa Turkana Kusini, wakaandika matokeo yao mwaka 1995. Mbuzi hula maganda, mbegu ngumu hupita tumboni salama, hudondoka pamoja na samadi ndani ya boma. Familia ikihama na mvua ikanyesha, mbegu huota humo kwenye mbolea. Duara la miti ni boma la zamani. Mnatembea ndani ya nyumba ya watu, basi mtembee kwa adabu.

Upande wa mtoni mtasikia kelele kabla hamjaona kitu. Katilu imekuwa na mashamba ya umwagiliaji tangu miaka ya 1970, na mtama ukianza kukomaa ndege nao hupata habari. Kweleakwelea hushuka kwa makundi mapema kabisa, wakiwa na njaa ya usiku mzima, na watoto hupanda juu ya dungu na makombeo yao kuwafukuza. Hao wenzenu asubuhi yao si ya matembezi. Wasalimuni, msiwacheleweshe.

Kuna ndege mwingine ambaye mimi humpenda kuliko wote: firigogo. Ana rangi ya mchanga wenyewe, akitulia chini humwoni hata akiwa hatua tano mbele yako. Jua likishapanda kidogo firigogo huja majini kwa vikundi, wakipiga kelele angani. Tazameni dume mwenye vifaranga. Hanywi tu akaondoka. Huingia majini, hulowesha manyoya ya tumbo, hujitikisa, kisha huruka akarudi nyikani, kilomita nyingi, na vifaranga humfyonza maji manyoyani. Mwingereza mmoja, Edmund Meade-Waldo, aliyekuwa akifuga firigogo, alilieleza jambo hili mwaka 1896, na wataalamu wengi hawakumwamini. Ilichukua hadi 1967, ndipo Tom Cade na Gordon Maclean walipochapisha ushahidi kutoka jangwa la Kalahari. Manyoya yale yana vinywele vilivyojikunja ambavyo vikilowa hufunguka na kushika maji kuliko sponji. Miaka sabini ya kubishana juu ya kitu ambacho mtu angekiona kwa kukaa kimya kando ya maji.

Lakini ninyi msishuke majini. Mto Turkwel huanzia Mlima Elgon, na ingawa bwawa la Turkwel, lililojengwa kati ya 1986 na 1991, huyazuia maji ya huko, mito ya milima ya Cherangani huingia chini ya bwawa. Mvua ikinyesha milimani usiku, laga, yaani mto wa msimu, iliyokuwa kavu jana inaweza kujaa asubuhi wakati Katilu hakuna hata wingu. Pia vaeni viatu. Mwiba wa mti wa mathenge hupenya soli nyembamba, na kidonda chake si cha kukichezea. Na kabla ya yote mwulizeni mkubwa kama njia ni salama, kwa maana ziko asubuhi ambazo habari za wizi wa mifugo huwafanya watu wasitoke, na wazee ndio wanaojua ni zipi.

Sasa niwape kisa cha mtu mmoja aliyekataa kupumzika. Mwaka 1984, mwezi wa Agosti, kundi la wawindaji wa visukuku lilikuwa limepiga kambi Nariokotome, kaskazini kwetu, upande huu wa magharibi wa Ziwa Turkana. Siku hiyo ilikuwa ya mapumziko. Kiongozi wao, Kamoya Kimeu, badala ya kulala akaenda kutembea, macho chini. Kati ya mawe meusi akaona kipande kidogo cha mfupa, cha rangi karibu ileile ya mawe. Kilikuwa cha fuvu. Walipochimba wakapata zaidi ya mifupa 100 ya kijana mmoja aliyefariki miaka milioni 1.5 hivi iliyopita, mtu wa aina iitwayo Homo erectus. Alikuwa mtoto bado, lakini mrefu, mwenye miguu mirefu ya mtembezi, kama vijana wa Katilu mnaowajua.

Mifupa ya nyayo zake, hata hivyo, karibu yote haikupatikana. Mtu alijengwa kutembea, na hatuna cha kukanyagia! Kisha mwaka 2009 wanasayansi wakatangaza nyayo zilizokutwa Ileret, ng'ambo ya ziwa, zenye umri kama huo. Kidole gumba kimeelekea mbele kama chenu. Mwaka 2024 zikatangazwa nyingine za Koobi Fora: nyayo za aina mbili tofauti za viumbe wa jamii ya binadamu kwenye tope moja, waliopita hapo kwa kutofautiana saa au siku chache tu. Watu walijuaje? Kwa kuangalia kina, umbo na tope lililofunika, kazi ileile mliyoifanya asubuhi juu ya mbuzi na mdudu.

Mkipelekwa Nairobi na mwalimu wenu, ombeni mpite Makumbusho ya Taifa. Wageni wote hukimbilia fuvu la kijana wa Nariokotome. Ninyi anzeni na mapaja, mshuke mpaka magotini, kisha mtazame pale panapokosekana.