Mkeo anaumwa chini ya kitovu? Usianze kwa kumshuku

Mvua zikinyesha, malambo hujaa katika vijiji kama Ipililo, mkoani Simiyu. Wasichana huteka maji, hufua na kuoga humo humo, na wadogo zao huogelea pembeni. Nani ataona hatari? Hata bibi zao walikulia kwenye maji hayo.

Sasa mfikirie mmoja wa wasichana hao miaka 15 baadaye. Ameolewa, na kila mwezi anaumwa chini ya kitovu. Tendo la ndoa linamuumiza, mara nyingine anatoka damu baada yake. Mimba haishiki. Mama mkwe anasema ni chango na anamchemshia mizizi. Kwenye zahanati anapewa dawa za UTI, kisha za magonjwa ya zinaa. Dawa zinaisha, maumivu yanabaki. Ndipo mume anauliza, "Haya magonjwa umeyatoa wapi?"

Huenda ameyatoa lamboni.

Ugonjwa huo ni kichocho, ambacho Kanda ya Ziwa kimezoeleka. Wengi wanakijua kama ugonjwa wa watoto wa shule wanaokojoa damu. Kisichojulikana sana ni kwamba kinaweza kuharibu via vya uzazi vya mwanamke.

Mtu mwenye kichocho akikojoa majini, mayai ya minyoo huanguliwa na vijidudu vyake kuingia ndani ya konokono wadogo. Wakitoka humo, hupenya ngozi ya yeyote aliyeingia majini. Mwilini hukua na kuwa minyoo inayoishi kwa miaka kwenye mishipa ya damu ya kibofu na nyonga, ikitaga mayai kila siku. Baadhi ya mayai hutoka na mkojo. Mengine hunasa kwenye mlango wa kizazi, ukeni na hata kwenye mirija ya uzazi, yakaleta vidonda na makovu. Hapo ndipo huanza maumivu, uchafu usioisha, damu isiyo ya hedhi, na kwa wengine ugumba au mimba kutunga nje ya kizazi.

Mwaka 2019 UNAIDS ilitaja makadirio ya wanawake na wasichana milioni 56 wenye tatizo hili, wengi wao Afrika. Vidonda hivyo pia vinahusishwa na hatari zaidi ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI.

Mbona basi hautambuliwi mapema? Dalili zake zinafanana na za magonjwa ya zinaa. Tena mwanamke mzima anaweza kupimwa mkojo na mayai yasionekane, ilhali yamejaa kwenye nyama za mlango wa kizazi. Mara nyingi mhudumu hugundua kwa kuchungulia ndani na kuona mabaka yenye chembe kama mchanga. Wengi huona aibu kukubali kipimo hicho. Kipimo hicho kina faida nyingine pia: maumivu ya nyonga yanaweza kuletwa na uvimbe wa kizazi, maambukizi mengine au saratani ya mlango wa kizazi, na kila kimoja kina tiba yake.

Dawa ya kichocho, prazikwanteli, ipo. Huua minyoo, lakini haifuti makovu yaliyokwisha kutokea. Kwa hiyo mtoto anayetibiwa leo anaepushwa na maumivu ambayo mama aliyechelewa huenda akaendelea kuishi nayo. Siku ya ugawaji wa dawa shuleni, mwanao asibaki nyumbani, na ale kwanza ili dawa isimchafue tumbo. Wasiosoma nao wapelekwe kituoni. Miongozo ya WHO ya mwaka 2022 inapendekeza katika maeneo yenye kichocho dawa itolewe kuanzia umri wa miaka 2, watu wazima wakiwemo, pamoja na wanaonyonyesha na wajawazito waliovuka miezi 3 ya kwanza.

Nyumbani, maji ya lambo yachemshwe kabla ya kuogea, au yakae kwenye chombo siku 2 yakiwa yamefunikwa, kwani vijidudu hivyo hufa visipopata mwili wa kuingia. Njia hiyo ya pili haiyafanyi kuwa salama kwa kunywa. Watoto wakatazwe kukojoa majini na kuogelea, hasa jua la mchana, wakati vijidudu hutoka kwa wingi. Choo kitumike.

Mama mwenye maumivu akifika kituoni, aseme wazi: "Nimekulia kwenye maji ya lambo, naomba nichunguzwe kichocho." Sentensi hiyo inaweza kumwokoa na miaka ya dawa zisizo zake.

Na baba, kabla ya kuuliza mkeo ametoka wapi na ugonjwa, mkumbuke alivyokuwa na miaka minane, ndoo kichwani, miguu majini. Fuatana naye kituoni. Huenda na wewe uliogelea huko huko.