Mpaka Haulali, Mtoto Alale Wapi?

Foleni ya malori hapa Malaba haijui usiku. Madereva wanaosubiri kuvuka kwenda Uganda hutaka chai na chapati hata saa nane za usiku, na mimi ndiye ninayewapikia. Vituo vya kulea watoto ninavyovijua hufungwa jioni, akina mama wa ofisini wanapotoka kazini. Mwanangu wa miaka miwili huwa namwacha kwa jirani: leso mbili, uji kwenye thamosi, pesa ya usiku mkononi. Jirani akiugua, mtoto hulala kwenye katoni chini ya meza yangu, moshi wa makaa ukimpiga usoni.

Busia nako, kwenye mpaka huohuo, kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi Februari 2018, na mizigo hupita saa 24; kazi ya usiku si ya Malaba pekee. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Sisi tusioajiriwa tumdai nani? Nasema kaunti. Ushuru tunalipa, itutengee chumba cha watoto karibu na foleni, chenye neti, maji na mlezi wa zamu ya usiku anayelipwa vizuri, maana naye ana watoto wake.