Simuleta ya ndege

Simuleta ya ndege ni mashine inayoiga chumba cha rubani na mwendo wa ndege ili marubani wafanye mazoezi wakiwa ardhini.

Zoezi mojawapo gumu kuigwa ni pale bawa linapokabili hewa kwa pembe kubwa mno na nguvu inayoinua ndege kupungua ghafla. Rubani anapaswa kushusha pua ya ndege. Tarehe 12 Februari 2009, karibu na Buffalo nchini Marekani, rubani wa Colgan Air 3407 aliuvuta usukani badala ya kuusukuma. Watu 50 walifariki.

Zamani simuleta nyingi ziliiga dalili za mwanzo tu. Tangu 2019 mashirika ya ndege ya Marekani hulazimika kufundisha hali hiyo kikamilifu. Kwa hiyo simuleta inatakiwa kutikisika na kuyumba kama ndege halisi, kwa sababu ikitii kwa urahisi mno, humzoesha rubani kosa.