Jackie Joyner-Kersee: Mshika Saba

Wahenga wametuusia kwamba mshika mawili, moja humponyoka. Usia huu una hekima yake, na wazazi wengi huutumia kuwaonya watoto wasitawanye nguvu zao. Hata hivyo, yuko mwanamke wa Marekani aliyeshika saba kwa pamoja akazimudu zote. Naye ni Jackie Joyner-Kersee, ambaye habari zake zastahiki kusimuliwa majumbani mwetu, mbele ya mabinti zetu.

Alizaliwa mwaka 1962 katika mji wa East St. Louis, jimbo la Illinois, mahali palipoelemewa na umaskini. Mwaka 1980 aliingia Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles kwa ufadhili wa mpira wa kikapu. Hapo chuoni alicheza kikapu, akashiriki riadha, na akasomea historia. Mwaka wake wa kwanza haujatimia, mamaye mzazi akafariki ghafla kwa homa ya uti wa mgongo. Katika kipindi hicho hicho akagunduliwa kuwa ana pumu.

Fani iliyomletea fahari ni heptathloni, yaani michezo saba kwa siku mbili: kuruka viunzi, kuruka juu, kutupa tufe, mbio za mita 200, kuruka umbali, kutupa mkuki, na kumalizia mita 800. Alama za yote hujumlishwa. Hapana pa kujificha hapo, kwani aliye hodari wa kuruka na dhaifu wa mkuki, udhaifu wake huhesabiwa pamoja na uhodari wake.

Katika Olimpiki ya Los Angeles, mwaka 1984, aliikosa dhahabu kwa alama 5 tu. Hakuvunjika moyo. Mwaka 1986, mjini Moscow, akawa mwanamke wa kwanza kuvuka alama 7,000. Mwaka 1988, mjini Seoul, alipata alama 7,291, rekodi ya dunia ambayo haijavunjwa hadi leo, na akaongeza dhahabu ya kuruka umbali. Hadi Olimpiki ya Atlanta ya mwaka 1996 alikuwa amevuna medali sita, tatu kati yake za dhahabu.

Lakini lipo funzo kubwa kuliko medali. Pumu yake aliificha mwanzoni hata kwa mwalimu wake wa mazoezi, wala hakuzitumia dawa ipasavyo, na maradhi yakamfikisha hospitalini. Baadaye alilikubali jambo hilo, akashika matibabu, na akajitokeza hadharani kuwahimiza wagonjwa wenziwe wasipuuze dawa zao.

Enyi kina mama na kina baba, wangapi miongoni mwetu huificha pumu ya binti kwa kuchelea maneno ya watu, au kwa hofu kwamba atakosa mchumba? Maradhi yaliyofichwa hayapungui. Ni kama ule mkuki: usipoushughulikia, utakupunguzia hesabu. Mpelekeni kwa tabibu, mpeni dawa yake kwa wakati, na mwalimu wake ajulishwe.

Mwanamichezo huyu alirejea East St. Louis, na mwaka 2000 kikafunguliwa huko kituo chenye jina lake kwa ajili ya vijana wa mji uliomlea. Aliyeshika saba hakuusahau ule mmoja alikotoka.