Upote, Ugwe na Kichungulio: Istilahi za Upinde wa Roda

Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2028 huko Los Angeles, upinde wa roda utatumika kwa mara ya kwanza katika shindano la Olimpiki, nalo ni lile la timu za mwanamume na mwanamke. Watangazaji, wahariri wa magazeti na walimu wa michezo watahitaji kuueleza upinde huo kwa Kiswahili. Kwa sababu hiyo tumeonelea vema kuwaletea wasomaji wetu maelezo ya sehemu zake, na hasa ya sehemu mbili zinazosumbua zaidi wakati wa matengenezo, yaani upote na kichungulio.

Tuliwahi kuletewa tafsiri ya kijitabu cha matengenezo ya upinde wa aina hii ili tuitolee maoni. Sarufi yake ilikuwa safi. Hata hivyo, neno "kamba" lilitumika kwa vitu vinne vilivyo mbalimbali, na mahali palipohusu hatua ya hatari kuliko zote mtafsiri aliandika kwa kifupi: "legeza kamba". Msomaji aliyezoea upinde wa kawaida angeyatii maneno hayo kwa mikono yake mitupu, naye angeweza kuumia vibaya. Ni dhahiri basi kwamba uteuzi wa istilahi hapa unahusu usalama wa mtu.

Jina la upinde

Upinde huu ulibuniwa na Holless Wilbur Allen wa jimbo la Missouri, Marekani. Aliomba hataza mwaka 1966, akapewa mwaka 1969. Katika ncha za upinde alifunga magurudumu ambayo mihimili yake haipiti katikati. Mpigaji anapovuta, uzito huongezeka kwanza, kisha magurudumu yakishageuka uzito hupungua sana. Katika pinde nyingi za siku hizi, mpigaji aliyekwisha kuvuta hadi mwisho hushikilia sehemu ndogo tu ya uzito ule, na hivyo hupata nafasi ya kulenga kwa utulivu.

Wengine wameuita "upinde mchanganyiko" kwa kufuata jina la Kiingereza. Hatuliungi mkono jina hilo. Upo upinde mwingine wa kale, uliotumiwa na Waturuki na Wamongolia, ambao hutengenezwa kwa kuunganisha mti, pembe na kano za wanyama. Huo ndio unaostahili zaidi kuitwa mchanganyiko. Kinachoutambulisha upinde wa Allen ni magurudumu yake. Mabaharia wetu wa pwani wana neno "roda" kwa gurudumu la kapi linalopitisha kamba, nalo latufaa. Tunapendekeza "upinde wa roda".

Zile sehemu mbili zinazopindika, moja juu na moja chini, tunapendekeza ziitwe "mabawa". Neno "mikono" tumeliacha kwa kuwa maagizo ya mchezo huu hutaja mkono wa mpigaji karibu katika kila sentensi.

Upote, ugwe na uzi

Upinde wa kawaida una kamba moja tu, na Kiswahili kina neno lake, yaani "upote". Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wangali wanawinda kwa upinde wa namna hiyo, na upote wao ni wa kano za wanyama. Katika upinde wa roda, upote ni ile kamba inayopokea mshale na kuvutwa na mpigaji. Hatuoni haja ya kuunda neno jingine.

Lakini upinde wa roda una kamba nyingine pia, ambazo hazigusi mshale, bali huunganisha roda na bawa la upande wa pili au roda na roda. Hizo tunapendekeza tuziite "nyugwe", umoja wake "ugwe". Zamani zilikuwa waya za chuma. Siku hizi hutengenezwa kwa nyuzi zile zile za upote, hivyo neno "waya" lingempotosha msomaji.

Tofauti hii ina maana kubwa katika kazi. Ukiuongezea upote msokoto, hufupika, ukiupunguzia, hurefuka. Ukiusokota ugwe badala ya upote, waweza kubadili uzito wa kuvuta, na katika upinde wenye roda mbili zinazofanana, roda ya juu na ya chini huenda zisigeuke kwa pamoja. Fundi aliyeambiwa "sokota kamba" hana njia ya kujua ni ipi iliyokusudiwa.

Neno "uzi" lihifadhiwe kwa kila mmoja wa nyuzi nyingi zinazosokotwa pamoja kuwa upote. Uzi mwembamba unaozungushiwa upote kwa nje ili kuukinga na msuguano, tunapendekeza uzungumziwe kama "mzongo", kutokana na kitenzi "zonga".

Kichungulio na matatizo yake

Kichungulio ni kipete kidogo chenye tundu, kilichopachikwa ndani ya upote kati ya nyuzi zake. Mpigaji anapovuta, hutazama kupitia tundu hilo hadi kwenye kilengeo kilichofungwa mbele ya upinde. Hufanya kazi kama alama ya nyuma ya bunduki: kikipandishwa, mshale hupiga juu zaidi, kikishushwa, hupiga chini zaidi. Neno tumelipata katika "chungulia", kama "kilengeo" linavyotokana na "lengea". "Tundu" peke yake halitoshi, kwa maana tundu ni sehemu tu ya chombo hicho.

Tatizo la kawaida ni kichungulio kugeuka. Mpigaji huvuta, lakini badala ya kuona tundu huona ubavu wa kipete. Sababu ni kwamba upote uliosokotwa hujizungusha unapovutwa, nacho kichungulio huufuata. Marekebisho yafuate utaratibu huu:

1. Kama upote ni mpya, upigwe kwanza mishale kadhaa wa kadhaa. Nyuzi mpya hunyooka na kutulia, na kugeuka kwa kichungulio hubadilika kila siku hadi hapo.

2. Kitazamwe kitanzi, yaani kile kijikamba kilichofungwa kwenye upote nyuma ya mshale ili kivutwe. Kikiwa kimefungwa upande, huuzungusha upote wote. Kigeuzwe kidogo.

3. Kama kichungulio bado kinaishia mahali pamoja pasipofaa kila mara, upinde utiwe katika jiliwa lake, ncha moja ya upote itolewe, kisha iongezwe au ipunguzwe nusu ya msokoto. Baada ya hapo kipimo kijaribiwe upya.

4. Hilo lisipofaa, kichungulio kitolewe, na uzi mmoja au miwili ihamishwe kutoka upande wake mmoja hadi mwingine.

Mwisho, kichungulio kifungwe kwa uzi juu na chini. Kichungulio kisichofungwa huteleza, na mpigaji hudhani mkono wake ndio uliokosea.

Upote nao una haja ya kutunzwa. Ukianza kutoa vinyweleo, upakwe nta. Mzongo ukilegea, uzongwe upya. Uzi hata mmoja ukikatika, upinde usitumike tena hadi upote ubadilishwe.

Kitenzi "legeza"

Katika upinde wa kawaida, kulegeza upote ni jambo jepesi: mtu huupinda upinde kwa goti na kuitoa ncha ya upote. Katika upinde wa roda, mabawa yamekazwa kwa nguvu nyingi hata wakati upinde umelala mezani. Akijaribu mtu kuutoa upote kwa mkono, mabawa yaweza kufyatuka na kumjeruhi. Lazima kwanza yabanwe kwa chombo maalumu. Tumependekeza "jiliwa la upinde" kwa kuwa maseremala wetu wanalijua jiliwa kuwa ni chombo cha kubana kwa parafujo.

Kwa hiyo tunawashauri watafsiri wasiandike "legeza upote" peke yake. Waandike: "bana mabawa kwa jiliwa mpaka upote ulegee." Hali kadhalika, kuuachia upote bila mshale, tendo linaloweza kuuvunja upinde, tunapendekeza liitwe "mfyatuo mtupu", nalo liandikwe kila mara pamoja na onyo.

Istilahi hizi ni mapendekezo. Tunawaomba walimu wa michezo na watafsiri wazijaribu katika kazi zao, kisha watuandikie. Mwenye kujua neno bora kutoka kwa wawindaji au mafundi wa kwao asisite kutuletea, na hasa kwa mabawa na mzongo, ambayo bado tunayafikiria. Jambo moja tu tunalisisitiza kwa kila atakayetumia istilahi hizi au nyingine: upote, ugwe, uzi na mzongo ni vitu vinne, na kila kimoja kipewe jina lake.